Siku Tulipongoja Bati Ligande

Vinu tulivisikia kabla hatujaona chochote. Dereva alikuwa amezima lori juu ya kilima ili injini ipumzike, na ukungu wa alfajiri ulikuwa umefunika njia, miti, na hata pua ya lori lenyewe. Ndipo ukaja mdundo kutoka bondeni, mzito na wa taratibu, kana kwamba huko chini wanawake wa vijiji vyote vya Usukuma wamekubaliana kutwanga mtama kwa pigo moja. Mbao tulizokalia zilitetemeka kidogo kila pigo liliposhuka.

"Hao hawalali," dereva alisema. "Krismasi, Idi, yote sawa. Mawe hayana sikukuu."

Mwenzangu alikuwa amejikunyata ndani ya koti la jeshi aliloachiwa na kaka yake, sanduku dogo la mbao likiwa katikati ya miguu yake. Tangu Isaka, tulikopandia lori lile, hakuliachia sanduku hilo hata pale tuliposhuka wote kusukuma gari kwenye tope. Ndani mlikuwa na kipimajoto kirefu cha zebaki kilichoviringishwa vitambaa kama mtoto mchanga, na pamoja nacho donge la bati. Nasema bati halisi, madini meupe na laini, si yale mabati ya kuezekea nyumba.

Ukungu ulipoinuka tuliuona mgodi wote mara moja: mlima uliochunwa ngozi, mapaa marefu, moshi, na mto mdogo wa maji ya kijivu ukitoka chini ya jengo la vinu vya kupondea mawe. Geita yote ya siku zile niliiona kwa namna hiyo, kwa masikio kwanza.

Sisi wawili tulikuwa wanafunzi wa sayansi katika chuo ng'ambo ya ziwa. Tulitoka upande mmoja wa nchi. Kwetu ni Tinde, penye barabara na maduka, ambako mtoto hujifunza Kiswahili kwa kuwasikiliza wapita njia. Kwao ni mwendo wa nusu siku kutoka hapo, katika nchi ya ng'ombe, ambako Kiswahili ni lugha ya karani na ya mahubiri. Muhula uliopita aliugua homa mbaya, akalazwa, na kazi za maabara zikampita. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa mtu mkavu. Alimwambia hivi: akifika muhula unapofunguliwa na vipimo vya kuganda kwa bati, vimesomwa kwa jicho lake na kuandikwa kwa mkono wake, na mtu wa maabara ya kweli awe ameshuhudia kwa saini, atafanya mtihani na wenzake. Asipokuja navyo, nafasi yake itakwenda kwa mwingine, na hakuna kurudia mwaka. Aliyasema hayo huku akifuta ubao, na alipomaliza kufuta alikuwa amemaliza kusema.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Unayeyusha bati ndani ya kikombe cha udongo mgumu, unaondoa moto, kisha unaliacha lipoe taratibu huku ukisoma kipimajoto kila nusu dakika. Zebaki inashuka, inashuka, kisha inasimama. Joto linaendelea kutoka, ukiweka kiganja pembeni unalisikia, lakini zebaki haitembei, kwa sababu bati sasa linatoa joto lililokuwa limefichwa ndani ya umajimaji wake. Litakapoganda tone la mwisho, ndipo zebaki itashuka tena. Ukichora vipimo hivyo kwenye karatasi unapata mteremko, halafu uwanda, halafu mteremko. Mwalimu wetu alitaka kuuona uwanda huo, na mahali hasa unapoanzia. Mimi niliufanya mchoro wangu muhula uliopita kama mtu anayemaliza kuosha vyombo. Wakati ule nilikuwa nimekwisha kuanza kuandika riwaya, na kila kitu ambacho hakikuwa riwaya nilikifanya hivyo.

Nilifuatana naye kwa sababu ilihitajika sauti ya pili. Mmoja hawezi kutazama saa na zebaki kwa wakati mmoja.

Mgodini walikuwa na chumba cha kupimia dhahabu. Humo mawe yaliyosagwa yaliyeyushwa pamoja na madini ya risasi, risasi ikachomwa mpaka ikatoweka, na kilichobaki, punje moja inayong'aa, kikapimwa kwenye mizani iliyofungiwa ndani ya kioo. Mkuu wa chumba hicho, Mzungu mmoja mzee asiyekuwa na mengi ya kusema, aliisoma barua ya chuo mara moja, akatukubalia Jumapili moja, siku ambayo matanuri yake makubwa hulala. Tungeingia asubuhi. King'ora cha zamu ya mchana kikilia, chumba kinafungwa, na ufunguo unarudi kwake. Kesho yake lori lilikuwa linarudi Isaka, na muhula ulikuwa mlangoni.

Msimamizi wetu siku hiyo alikuwa msaidizi wake, mtu wa makamo kutoka Ugogo, mwenye suruali iliyopigwa pasi na viatu vilivyokwisha visigino. Saini tuliyoihitaji ingekuwa yake. Alipotusikia tunavyotamka maneno akajua tumetoka wapi, na uso wake ukachangamka kama mtu aliyeona chakula.

"Wasukuma! Na leo Jumapili! Mungu amenipa adhabu gani?"

"Shikamoo, mtani," mwenzangu alisema.

"Marahaba. Mmekuja kufanya nini? Kupika bati? Mnapika bati mtu ale na nini, na hiyo michembe yenu ya viazi?"

Utani wa watu wetu na Wagogo ni wa zamani kuliko reli. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe, akachukua kofia yako, akagoma kuzika mpaka apewe kitu, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Tulicheka, tukaanza kazi.

Jiko letu lilikuwa nusu ya pipa, limetandazwa mchanga, na katikati mafiga matatu ya matofali. Kikombe kilikaa juu ya mafiga, makaa chini yake. Bati likiisha kuyeyuka, mwenzangu alichukua koleo akayasogeza makaa yote upande mmoja wa pipa, akayafunika majivu nusu nusu, ili kikombe kibaki juu ya mchanga wa moto tu. Kipimajoto kilivishwa mrija mwembamba wa chuma kisije kikanaswa na kuvunjika. Uso wa bati lililoyeyuka ulikuwa kama kioo cha bibi harusi. Kila vinu vilipopiga kule nje, viduara vyembamba vilikimbia juu yake kutoka ukingoni hadi katikati.

Mara ya kwanza tuliharibikiwa na upepo. Zebaki ilikuwa imekaribia mahali pake, nami nasema "Sasa" kila nusu dakika, naye anasoma na kuandika, mtani akafungua mlango ili ateme mate. Upepo wa kusi uliingia na vumbi la mgodi. Upande mmoja wa bati uliganda, mwingine bado maji, zebaki ikayumba kama mlevi.

"Mlango!" mwenzangu alipiga kelele.

Mtani aligeuka polepole. "Unanipigia kelele mimi?"

"Samahani, mtani. Upepo unalipoza vibaya."

"Nyinyi nyumba zenu hazina milango, ndiyo maana mkiona mmoja mnaupigia kelele."

Lakini tangu hapo aliulinda mlango ule kama mwanajeshi. Tuliyeyusha tena. Saa zilikuwa zimekwenda. Jua lilikuwa limetoka kwenye dirisha la mashariki na halijafika la magharibi. Mwenzangu alikuwa na jasho ambalo si la joto peke yake. Homa ile ilikuwa imemwachia mikono myembamba, na aliposhika koleo ilibidi ashike kwa mikono miwili.

"Lazima hii itoshe," alisema. "Ya tatu haitapata muda."

Zebaki ilianza kushuka tena. Tulikuwa tumekubaliana kwamba kuanzia hapo hakuna neno litakalosemwa chumbani isipokuwa langu moja.

"Sasa."

Akaandika.

"Sasa."

Nje ya mlango sauti ya mwanamume ikapiga hodi, hodi ya mtu aliyezoea kupiga hodi kutoka ng'ambo ya zizi.

Mtani alifungua ufa, akaingiza mtu haraka haraka, akasukuma mlango nyuma yake. Alikuwa ni baba wa mwenzangu. Nilimfahamu. Alikuwa mrefu, shuka la kaniki begani, viatu vya matairi, fimbo mkononi, na mdomo usiopenda kupumzika. Alikuja pamoja na wenziwe wakiswaga ng'ombe wa kuchinjwa mgodini, akasikia kwa wapika chai kwamba mwanawe aliyekuwa mgonjwa yuko hapa, ndani ya nyumba ya dhahabu. Alikuwa hajamwona tangu alipolazwa.

"Mwadila!" alitusalimu kwa Kisukuma.

"Sasa," nikasema mimi, kwa kuwa ndiyo nusu dakika ilifika.

Mwenzangu hakugeuka. Jicho lake lilikuwa kwenye zebaki, kalamu karatasini.

"Shikamoo, baba," alikiambia kipimajoto.

"Marahaba," mzee akakijibu kisogo cha mwanawe.

Mtani alimshika mkono, akamwonyesha sanduku lililopinduliwa upande wa pili wa pipa, akaweka kidole mdomoni. Mzee alituangalia mmoja mmoja. Vijana wawili wameinamia kikombe kimya, mmoja anasema neno lile lile kama kasuku. Sijui aliona nini. Aliketi, akaweka fimbo chini, na kifurushi cha matobolwa magotini, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa ambavyo mama wa kwetu humpa kila msafiri. Nilimsikia akinong'ona, akidhani ananong'ona: "Ikishindikana, ng'ombe wapo." Alikuwa amemtumia mwanawe maneno hayo hayo kwa barua wakati wa ugonjwa. Alikusudia kumfariji. Mwenzangu aliyasikia vingine, na mara nyingine usiku bwenini aliyarudia kwa sauti ya baba yake, bila kucheka.

Zebaki ilishuka kidogo kupita pale inapostahili, kama mtu aliyeipita nyumba aliyoikusudia, kisha ikaruka kurudi juu, ikasimama. Mia mbili thelathini na mbili. Viduara vilivyokuwa vikikimbia juu ya bati vikaanza kusinyaa kutoka ukingoni. Pale bati lilipoganda, mdundo wa vinu haukuonekana tena.

"Sasa."

Pale pale.

"Sasa."

Pale pale. Nilimwona anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Uwanda ulikuwa unakuja, mzuri, ulionyooka. Aliandika namba ile ile mara nyingi hivi kwamba ukurasa ulionekana kama kazi ya mtoto anayeadhibiwa. Nilianza kufikiri kwamba unakuwa mrefu mno. Wangu chuoni haukufika nusu yake. Lakini donge lake lilikuwa kubwa kuliko langu, na mtu haulizi kwa nini mvua nzuri haikatiki.

Kisha viduara vikarudi. Vilianza katikati, vikapanuka mpaka ukingoni, na uso wote wa bati ukawa kioo tena.

"Sasa," nikasema.

Hakuandika. Zebaki ilikuwa inapanda.

Sote wawili tulitazama chini kwa pamoja. Chini ya kikombe makaa yalikuwa mekundu, yamepangwa vizuri kati ya mafiga, na ng'ambo yake mzee alikuwa amepiga goti moja, mashavu yamejaa, anapuliza. Fimbo yake ilikuwa na jivu nchani.

Ni lazima nieleze shikome. Kwetu jioni wanaume hukaa kwenye moto wa uani, mbele ya zizi, na moto huo ndio baraza, ndio shule, ndio habari za dunia. Anayefika akiukuta moto unazama huketi na kusukuma kinga cha moto ndani kabla hajaulizwa habari za alikotoka. Kinga hicho ni salamu yake ya pili. Kukaa mbele ya moto unaokufa na kukunja mikono ni kumwambia mwenye mji kwamba humtakii maisha. Na kinga alichosukuma mgeni hakiondolewi mbele ya macho yake. Ukikiondoa umemwonyesha njia.

Mzee alikuwa amekatazwa kusema. Hakuwa amekatazwa adabu. Aliona vijana wamekaa wanautazama moto wao unavyokufa, mmoja wao mwanawe aliyetoka kuugua, wamepumbaa hata hawaoni kwamba makaa yameangukia pembeni. Akatusaidia. Na joto alilotupa lilikuwa limekwenda lote katika kuliyeyusha tena bati lililokwisha kuganda, bila kuisogeza zebaki hata unywele, mpaka donge la mwisho lilipoisha. Kwa muda wote ule tuliofurahia uwanda wetu, tulikuwa tunafurahia pumzi za mzee.

"Unawaka sasa," alisema, akijifuta macho yaliyoingia moshi. Alikuwa ameridhika. "Mlikuwa mnauacha ufe, ng'wana wane, mwanangu."

Mwenzangu alinyanyuka. Alichukua koleo.

Nakumbuka mengi ya maisha yangu kwa ukungu, lakini koleo lile naliona. Lilikuwa la chuma cheusi, mpini mmoja umefungwa waya. Alilishika kwa mikono miwili, akasimama mbele ya makaa ya baba yake. Dirisha la magharibi lilikuwa limeanza kupata jua. Makaa yakibaki pale, bati halitapoa kabla ya king'ora. Bila uwanda hakuna saini, na bila saini hakuna chuo. Akiyaondoa, anamfukuza baba aliyetembea siku nyingi nyuma ya ng'ombe, akaja kumwona kama yu mzima, ambaye salamu yake ya kwanza ilikwisha kujibiwa na kisogo. Niliweza kuyaondoa mimi, lakini mimi pia nilikuwa mtoto kwa mzee yule; ingekuwa watoto wawili badala ya mmoja. Mzee alitazama koleo, kisha akamtazama mwanawe, na furaha ya moto ikaanza kumtoka usoni polepole.

Hapo mtani akaondoka mlangoni.

"Lete," alisema, akamnyang'anya mwenzangu koleo. "Mzee, nisikilize. Msukuma akiona moto lazima auchochee, hata kama ni nyumba yake inayoungua! Nani kakwambia haya ni makaa ya baba yako? Makaa ya mgodi haya. Nimeyaweka pembeni nichomee nyama yangu, wewe unayamaliza kwa kupuliza kama mvukuto."

Na alikuwa anayatoa huku akisema, kaa moja moja, kwa madaha, akiyatupa kwenye ndoo ya maji. Kila moja lililia likizama.

Tulingoja. Mzee alikaa chini kwenye sanduku lake. Mabega yakaanza kutikisika.

"Mgogo!" alisema. "Mgogo akiona moto wa watu lazima auombe! Kwenu huko hata kuni mmekwisha kuzila? Huna haya, unamwibia moto mgonjwa!"

"Mgonjwa ni wewe. Umeleta nini humo kwenye kitambaa?"

"Si chako."

"Chochote kilichoingia nyumba hii kinapimwa. Sheria." Akafungua kifurushi, akatia kiazi kimoja mdomoni. "Hm. Hakina dhahabu."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mwenzangu hakucheka, lakini alipumua, na aliinama tena kwenye kipimajoto. Zebaki ilikuwa imeacha kupanda. Nikaitazama saa.

"Sasa," nikasema.

Wakati bati linapoa hakuna aliyehitaji kumwonyesha mzee kidole mdomoni tena. Alimtazama mwanawe anavyoandika. Baada ya muda alisogeza sanduku lake mbali kidogo na pipa, akaweka mikono yake yote miwili magotini ambako ingeonekana. Kisha aliuliza, safari hii akinong'ona kweli:

"Kumbe mnataka moto ufe?"

"Tunataka ligande, baba," mwenzangu alisema bila kuinua jicho. "Nikiliona linavyoganda, narudi chuoni."

"Na usipoliona?"

"Nyumbani."

Mzee alifikiri. "Ungeniambia."

"Ulikatazwa kusema, baba. Nami nilikatazwa."

"Sasa," nikasema.

Mchoro wa siku ile niliuona tena miaka kadhaa baadaye, ukiwa umebandikwa kwenye ukuta wa maabara yetu, umepauka kwa jua. Una uwanda mmoja wa kweli, mfupi, na saini ya mtani chini yake, yenye mkia mrefu wa majivuno. Lakini kushoto kwake kuna uwanda mwingine, mrefu kupita kiasi, unaoishia kwa kupanda. Njiani kurudi nilimshauri aufute. Nilimwambia hadithi nzuri huanzia pale inapotakiwa. Alikataa. Mwalimu alipouliza huo ni nini, mwenzangu alijibu: "Baba yangu alifika." Mwalimu aliupima kwa rula, akaona kwamba nyanda zote mbili ziko kimo kimoja, ule wa bati lililokuwa likiganda na ule wa lililokuwa likiyeyuka, akasema usifutwe. Mimi mwaka huo huo niliacha sayansi, lakini hayo ni mengine.

Siku ile hatukujua lolote la hayo. Zebaki ilikuwa bado juu ya mahali pake, inashuka kama mtu anayeshuka ngazi gizani, nje kukasikika honi ya lori. Wenziwe mzee walikuwa wamepata nafasi hadi Buseresere, ambako walikuwa na ng'ombe wengine wa kuchukua, na dereva wa lori la watu hangoji mtu. Honi ikalia tena.

Mzee alisimama. Aliokota fimbo, akakung'uta jivu nchani kwa uangalifu, si karibu na pipa. Kilichobaki katika kifurushi alikiweka juu ya meza ya mizani. Mtani akakisogeza upande wake.

Kwetu mgeni haondoki peke yake. Unamsindikiza, na kipimo cha mapenzi ni umbali: mpaka nje ya uzio, mpaka njia panda, mpaka mtoni. Kwa baba aliyekuja kumwona mwanawe mgonjwa, mtoto angepaswa kufika mpaka kwenye lori, abebe fimbo yake njia yote, asimame mpaka vumbi litue. Mwenzangu alijua hivyo. Nilimwona mguu wake mmoja umekwisha kugeuka kuelekea mlangoni, wakati kichwa chake bado kiko juu ya kikombe.

Ndipo zebaki ikapita mahali pake, ikasita, ikaruka, ikasimama.

"Sasa," nikasema.

Akaandika. Mguu bado umegeuka.

"Baba..." alianza.

"Kaa," mzee alisema. "Ng'ombe akiwa anazaa mtu hasindikizi wageni. Anatazama nyuma ya ng'ombe." Akamwangalia mtani. "Na wewe Mgogo, usije ukamwomba ndama."

"Nenda zako, mzee, wewe na matairi yako. Umetupunguzia siku."

"Wabeja," mzee akamjibu. Kwa Kisukuma ni asante, na sikuona kwamba anatania.

Viduara vilikuwa vinasinyaa kutoka ukingoni. Mzee alikuja nyuma ya mwanawe, akasimama kidogo, akatazama juu ya bega lake ndani ya kikombe, pale ambapo uso wa bati ulikuwa unatulia kidogo kidogo. Sidhani kama aliona cha kutazamwa. Hakumgusa. Alikwenda mlangoni, mtani akataka kumfungulia, akamzuia kwa mkono. Alifungua ufa mdogo kuliko upana wake, akatoka kwa ubavu, akavuta shuka lake lisinaswe.

"Sasa," nikasema.

Na mlango ulifungwa nyuma yake taratibu, kwa mikono miwili, hata upepo haukuingia.